Uso wa Redio ya Bi Hafswa

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Nimeikubali kazi niliyokuwa nikiikwepa tangu Idi. Mustang ya marehemu Muhdhar! Nasser, mwanawe, amekuja mwenyewe mpaka gereji, kanzu imepigwa pasi hadi inakata, akanikuta nimelala chini ya gari la mtu, tumbo juu. Sikuwa na sura ya fundi wa kuaminiwa. Lakini kisiwa hiki chote cha Mvita, mtu akitaka redio ya gari, ataletwa kwangu. Mafundi wengine wamekimbilia kuuza simu.

Bayan, bintiye, aolewa Ijumaa ya tarehe ishirini na moja. Nasser ataka bibi harusi atoke Kibokoni na gari la babu yake, na gari liimbe. Nikauliza, liimbe vipi? Akatoa simu akanionyesha: spika nne, ampulifaya, boksi la besi kwenye buti, redio mpya inayoshika simu bila waya. Nikamwambia gari hilo ni la mwaka sitini na nane, limenitangulia duniani, na hata mimi niliyekuja baadaye siwezi kuongezwa besi. Hakucheka. Nasser hacheki mpaka duka lifungwe.

Gari li katika banda linalotazamana na gereji yangu, ng'ambo ya kichochoro. Jekundu, usukani kushoto, boneti refu mno kwa mji huu. Kulitoa pale ni kazi ya wanaume wanne na dua.

Lakini gari si la Nasser. Ni la mamake. Basi nikapelekwa kwa Bi Hafswa. Sukari imemlia macho, sasa aona mwanga na vivuli tu.

— Masalkheri, mama.

— Masalkheri, mwanangu. Wewe si yule Akil aliyekuwa akianguka-anguka kichochoroni?

— Ndiye mimi.

— Bado waanguka?

— Siku hizi nikianguka siinuki, mama.

Akacheka mpaka akajifuta mato kwa leso. Kisha akaacha kucheka ghafla. Akasema nitie ninachotaka kutia, nyuma, chini, kwenye milango, hajali. Ila uso wa redio. Kile kibao cha nikeli cha mbele chenye vizungusho viwili. Marehemu alikuwa na usukani, akasema, na redio ilikuwa yangu mimi. Yeye hakuruhusiwa kuigusa. Kila magharibi wakizunguka barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, Bi Hafswa ndiye aliyechagua wimbo, mkono wa kushoto kwenye kizungusho, gumba limetua pembeni. Nikeli ya pembe ile imelika kwa gumba lake. Redio yenyewe imekufa zamani. Lakini kila siku baada ya Alasiri huongozwa mpaka bandani, akaketi kiti chake cha kulia, akaweka gumba pale pale.

— Uso ule ukipotea, gari halitoki. Bayan ataolewa kwa tuktuk.

Nikasema: Uko juu yangu, mama. Utaurudia kama ulivyouacha.

Nani alinituma kusema hivyo!


Jumatatu, 10 Novemba

Tumeanza. Mimi na Menza. Menza ni mwenzangu wa miaka mingi, mtu wa Buxton kwa makazi na wa Kaloleni kwa asili, mpole, haongei kazini. Ukimwambia jambo, hulifanya. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa. (Nimeiandika sifa hii leo kwa moyo mweupe.)

Nilipanga hivi: redio mpya ivuliwe gamba lake, ifichwe nyuma ya uso wa kale. Ukitazama, waona vizungusho vile vile vya marehemu. Ukizungusha, inaamka redio ya leo. Mpya ndani, ya kale usoni. Areej, mke wangu, asema ndivyo nilivyofanya mimi na rangi ya nywele, ila kinyume.

Kuitoa redio ya kale lazima ulale chali, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango. Niliingia vizuri. Kutoka sikutoka. Tumbo lilikwama kwenye usukani, Menza akanivuta miguu, kiatu kikamfuata, mimi nikabaki. Nasser alisimama mlangoni akitazama simu yake kana kwamba hanijui.

Waya za zamani zimekauka. Ukizishika zinamomonyoka kama biskuti. Nitatandika waya mpya kutoka kwenye betri, na fyuzi yake, nisichome urithi wa watu.

Uso nimeutoa salama. Nimeupiga picha. Nimeufunga kwa kitambaa. Nimemweleza Bi Hafswa kwamba utakaa kwangu siku chache, unaoshwa. Akasema, basi siku hizo sitaketi garini. Nitakaa kwenye baraza kama watu waliofiwa.


Jumatano, 12 Novemba

Sauti imekwenda! Mafua. Nimeamka nikamwita Areej, ukatoka mlio wa mlango usiotiwa mafuta. Amefurahi. Asema hajapata asubuhi tulivu hivi tangu nikahi.

Kazi haingoji. Menza hufika gereji mapema kuliko mimi, na kwa kuwa siwezi kumwambia kitu, nimebandika amri. Ule utepe wa karatasi wa wapaka rangi, na kalamu nene. Kila kitu na neno lake. Kwenye vizungusho: OSHA. Kwenye boksi la besi: PAKA RANGI. Kwenye ampulifaya: USIGUSE. Menza akasoma, akafanya. Menza akasoma, akafanya. Nikajiona meneja wa bandari.

Spika za mbele zimeingia chini pembeni mwa miguu, bila kukata bati hata kidogo. Ampulifaya itakaa chini ya kiti. Waya wa ardhi nimeukwangulia rangi mpaka chuma cheupe, la sivyo utasikia nzi akiimba kila unapokanyaga mafuta.

Jioni nimepima uso juu ya redio mpya. Tundu la kushoto halikubali. Dogo kwa kiasi cha unywele! Lakini tundu liko mbali na pembe ya gumba, na kizungusho kitalifunika, hakuna atakayejua. Kulipiga tupa kidogo tu kwa ndani, basi. Kazi ya Menza hiyo, mkono wake mwepesi kuliko wangu. Utepe ulikuwa umebaki kipande cha mwisho. Nikaandika neno moja likatosha, nikalibandika kwenye uso, pale rafuni, nikaondoka. Homa inanipanda.


Alhamisi, 13 Novemba

Ya Rabbi.

Uso haupo.

Nimefika gereji saa nne. Vizungusho vimeoshwa vinang'aa. Boksi limepakwa rangi. Rafu tupu. Nikamwonyesha Menza kwa mikono: uko wapi? Akasema, nimetupa.

Nikadhani sikusikia. Masikio hayakuwa na mafua. Nikachukua kalamu, nikaandika: UMETUPA NINI?

— Uso, fundi. Uliandika tupa. Nikatupa.

Niliandika TUPA. Nilikusudia chuma cha kusugulia, tupa, apige tupa. Utepe ulikuwa mfupi, "piga" haikuenea. Na kila utepe mwingine niliobandika ulikuwa amri. Osha, akaosha. Paka, akapaka. Tupa! Angefanya nini mwanamume huyu? Kinywani hapakosewi, t za maneno hayo mawili hazitamkwi sawa kwetu. Mtoto wa Mvita ukimtajia tupa ya fundi hawezi kudhani wamtuma jaani. Lakini karatasi ilizisema zote sawasawa.

Menza aliposhika maana alikaa chini sakafuni. Kulia hakulia. Alikunja mikono kama mtu aliyeitwa polisi. Asema alishangaa kidogo, akafikiri labda Nasser amenunua mwingine wa kisasa. Aliutia kwenye gunia la vyuma, na mwenye mkokoteni alipita asubuhi hii, akashika njia ya Makupa.

Ng'ambo ya kichochoro, kwenye baraza, Bi Hafswa alikuwa akiuliza wajukuu: Hamumsikii Akil leo? Mbona kimya?


Ijumaa, 14 Novemba

Baada ya sala tumekwenda, mimi na Menza. Sauti imerudi nusu, nusu ya bata.

Kwanza miguu ilinipeleka Kibarani, kwa mazoea ya zamani, kwani taka zote za kisiwa zililala hapo. Nimekuta jaa limegeuzwa bustani, miti na watu wanapunga upepo. Nikasimama kama mtalii. Menza akanishika mkono, taratibu, akanirudisha njiani.

Anunuaye vyuma ni mtu aitwaye Kazungu, ana uwanja wake mbele kidogo. Nikamweleza: natafuta uso.

— Uso gani, mzee? Mimi nanunua vyuma. Sinunui sura.

Watu wake wakacheka. Nikacheka pia, ili waniruhusu kuchakura. Tumechakura mpaka Magharibi. Rejeta, vitanda, vyungu, mlango wa friji, baiskeli isiyo na kichwa. Menza alikuwa akiingia ndani ya lundo mpaka kiunoni. Mkono wake umechanika, hakusema, niliona damu kwenye shati.

Kazungu naye, tulipokuwa tumekwisha kukata tamaa, ameuliza: Kilikuwa cheupe hivi, na matundu mawili? Hicho mwenye mkokoteni alikileta jana. Vyepesi vyote viliondoka na lori alfajiri, vimekandamizwa, viko njia ya Nairobi.

Viko njia ya Nairobi. Pembe ya gumba lake iko njia ya Nairobi.

Areej hakunitania hata mara moja. Baadaye kidogo ameshindwa. Asema nishukuru kwamba Menza si mtu wa kale wa Mvita, kwani mamangu alikuwa akiita chupa "tupa", na angeweza kuniletea soda. Nimecheka, kisha nimeona sicheki.


Jumapili, 16 Novemba

Nimemwambia Nasser. Dukani kwake, katikati ya vitambaa, nikinong'ona kwa sababu ya koo na kwa sababu ya aibu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikunja kitambaa alichokuwa nacho mkononi, pembe kwa pembe, mpaka kikawa kidogo kama mkate wa mofa. Kisha akasema mama asiambiwe. Mama akiambiwa gari halitoki, na neno la mama halirudishwi. Bayan amelia kwa furaha ya gari hilo. Watu wamekwisha kuambiwa. Nitengeneze mwingine.

Nikamwambia wa kutengeneza si ule.

— Mama aona nini, Akil? Vivuli.

— Aona kwa gumba.

— Basi mlidanganye gumba.

Sikuitika. Sikukataa. Nilinyamaza, na kwa Nasser kunyamaza ni kuapa.

Nyumbani nikamuuliza Areej kama tuna bati zuri, gumu, linalong'aa. Ameingia chumbani akatoka na sinia. Lile! La harusi yetu, ambalo sijawahi kuruhusiwa kulilia hata tende. Amenipa bila neno. Hilo limenitisha kuliko kila kitu.


Jumanne, 18 Novemba

Menza hakubali mtu mwingine aliguse. Tangu jana amesimama kwenye jiriwa, sinia la Areej limekatwa na kubanwa humo, na yeye na tupa yake. Kwi, kwi, kwi. Nampelekea chai, inapoa. Nikamwambia, bwana Menza, kosa ni langu, mimi ndiye niliyeandika nusu ya neno. Akasema: Mimi ndiye niliyetupa. Akaendelea.

Anafuata picha niliyopiga. Matundu yamekaa sawa, redio mpya imeingia bila ubishi. Vizungusho ni vile vile vya marehemu, kwani vilikuwa na utepe wao wa OSHA, wenye baraka. Pembe ya kulia chini amesugua kwa msasa mwembamba, kisha kwa kitambaa na majivu, kisha kwa gumba lake mwenyewe. Gumba lake! Masaa. Nimemwona anafumba macho akipapasa.

Nimeufunga. Ukitazama kutoka mlangoni, wallahi ni ule. Ukikaribia, bado ni ule. Niliweka gumba langu. Sijui. Gumba langu halijui lolote, halikwenda Mama Ngina.

Jioni tumejaribu sauti. Kwanza nzi aliimba. Nikakaza waya wa ardhi, nzi akanyamaza. Kisha besi. Ya salama! Buti lilitikisika, paka watatu walitoka chini ya gari kwa pamoja, na dirisha la juu la jirani likafunguka, akatukanwa mtu ambaye nadhani ni mimi. Sauti safi. Tamu. Sijawahi kufunga redio nzuri hivi maishani mwangu, nami sina raha nayo hata kidogo.

Kutoka barazani Bi Hafswa akaita: Akil! Ndiyo hiyo? Umeurudisha uso?

Nasser alikuwa hapo. Akanitazama.

Nikasema: Umo, mama.

"Umo." Upo uso, umo ndani ya gari. Si uongo. Ni utepe mfupi mwingine.


Jumatano, 19 Novemba

Leo hakuja kuketi. Wanamtia hina, yeye na wanawake wote wa nyumba. Nimeambiwa asema ataketi kesho, baada ya Alasiri, gari likiwa limeoshwa na yeye amenukia.

Mara mbili nimevuka kichochoro nimwambie. Mara ya kwanza nimemkuta Bayan mlangoni, mikono imejaa hina, haiwezi kushika kitu, akaniambia kwa kichwa tu: Ami Akil, ahsante, ahsante sana. Mara ya pili nimekuta viatu vya wageni mpaka njiani.

Yote mawili ni visingizio. Nimeyaandika ili niyaone yalivyo.

Menza ameniuliza kesho aje au asije. Nikamwambia, fanya unavyoona. Akasema atakuja.


Alhamisi, 20 Novemba

Naandika haya nimesimama, gerejini, juu ya benchi la kazi. Mwandiko huu ausome atakayeweza.

Ameletwa baada ya Alasiri. Buibui jipya, udi unamtangulia. Gari limeoshwa, limepambwa maua ya asumini kwenye vioo. Nasser amemshika mkono mpaka kiti chake cha kulia. Menza alisimama ukutani kabisa, kofia mkononi. Nilitaka kusema. Nilifungua kinywa: Mama, kabla hujaketi... Akaniambia, ngoja, mwanangu, nisikie kwanza.

Akapeleka mkono wa kushoto. Hakupapasa, ulikwenda moja kwa moja. Akakishika kizungusho, akatabasamu. Kizungusho ni chake hasa. Akakizungusha, redio ikaamka, na Nasser alikuwa ameweka kwenye simu taarabu ya ujana wao. Besi ikaingia polepole, fidla juu yake, na kichochoro kizima kikanyamaza. Akafumba mato. Mjukuu mmoja akapiga vigelegele kutoka dirishani.

Kisha gumba likatelemka pembeni. Mahali pake.

Likasimama.

Likapanda kidogo. Likashuka. Likapita kwenye ukingo wa chini, taratibu, kama mtu anayesoma. Kisha akazungusha kizungusho, muziki ukazima kabisa.

— Nasser, nenda kamwambie mamake Bayan anitilie kahawa.

— Mama, nitamtuma mtu...

— Nenda wewe.

Nasser akaenda. Akapita mbele yangu akitikisa kichwa: usithubutu. Tukabaki watatu, na asumini.

— Akil. Tupa hii ni ya nani?

Tupa. Neno lilitoka kinywani mwake safi, chuma kitupu, haliwezi kudhaniwa jingine. Menza alilisikia. Nilimwona akiinua uso. Akapiga hatua moja kutoka ukutani, kofia ameibana kifuani, na midomo yake ikaanza kufunguka, na nikajua kwamba atajibu yeye. Atasema ni yangu, mama. Kwa kuwa ni kweli, tupa ni yake. Na yote yatamwangukia yeye.

Na mimi, mzee wa miaka hamsini na kitu, mwenye ndevu, nimesema nini? Nimesema: Menza, nyamaza. Mama, ningoje, nikalete bisibisi.

Bisibisi! Nikavuka kichochoro kwa mwendo ambao sikuwa nao tangu shuleni. Sasa nipo hapa. Kutoka dirishani nawaona. Menza amenyamaza kama nilivyomwambia, hufanya analoambiwa. Amesimama pale kwenye mlango wa gari, na Bi Hafswa hajaondoa gumba. Nasser hajarudi. Kahawa haichukui muda mrefu. Kesho saa kumi gari litoke au lisitoke.

Nitasema: Niliandika nusu ya neno. Nianze hapo? Nianze na sinia?

Anaita.

— Akil! Hiyo bisibisi unayoitafuta waenda nayo mfukoni. Naisikia ikigonga funguo zako tangu ulipoingia bandani. Njoo uketi hapa, kwenye usukani.

Imo mfukoni, kweli. Naweka kalamu, nakwenda kumwambia.